Fundi kasema Defender ni takataka ninunue antivirusi, je ni kweli?

"Habari mtaalamu. Tuna laptopu ya HP used, i5 ya kizazi cha 6, RAM 4, diski ya kawaida 500. Inatumika na watu wanne hapa nyumbani: mimi naweka hesabu za biashara yangu ya vitenge, mume wangu anasoma chuo anaandika ripoti, na watoto wawili wanaenda kuprinti kazi za shule steshenari kwa flashi. Wiki iliyopita flashi ya mwanangu ilirudi folda zote zimegeuka shortcut. Halafu tangu mwezi uliopita chini kulia kwenye skrini panatokea tangazo jekundu la Kiingereza kwamba kompyuta ina virusi 5 na leseni imeisha, nilipe. Fundi aliyetupigia Windows 10 anasema ile antivirusi ya Defender iliyokuja nayo ni takataka, ninunue antivirusi kwake 45,000 kwa mwaka. Shemeji anasema niweke ya bure. Mwingine anasema za bure zinauza taarifa zako, na tena hao hao wenye antivirusi ndo wanatengeneza virusi. Intaneti yetu ni bando la simu kwa hotspoti. Hela ipo ila sitaki kuitupa, nifanyeje?"

Dada, habari za nyumbani. Umenifurahisha kutaja mpaka RAM na aina ya diski, maana wengi wananiandikia "kompyuta ina virusi nisaidie" basi, nabaki kupiga ramli. Kama nimekuelewa, unachouliza hasa ni hivi: ukimpa fundi hiyo 45,000, utapata ulinzi ambao leo huna? Kwa hali uliyoielezea nakwambia hapana. Sio kwamba antivirusi za kulipia ni utapeli, na wala usinielewe kwamba uko salama ulivyo, hauko salama. Ila tundu la panya liko sehemu nyingine kabisa na fundi anakuonesha dirisha.

Nianze na hilo tangazo jekundu kwa sababu naona ndo linakunyima usingizi. Kwa maelezo yako karibu nina hakika hiyo sio antivirusi inayoongea, na hata sio kirusi. Ni taarifa (notifications) za brauza, ile programu ya kufungulia tovuti. Inakuwaga hivi: mtoto (au mume, tusiwasingizie watoto kila siku) anatafuta movi au mpira wa bure, anafika kwenye tovuti inamwambia bonyeza Allow kuthibitisha kuwa wewe sio roboti. Anabonyeza. Pale hajathibitisha chochote, kaipa ile tovuti ruhusa ya kumtumia ujumbe muda wowote hata akishaifunga. Kuanzia hapo wanakurushia matangazo wameyavisha nembo ya antivirusi maarufu ili uingie hofu, ukibonyeza unapelekwa kulipa au kushusha kitu cha ajabu. Antivirusi ya kweli ikikamata kitu inakutajia jina la faili na folda lilikokutwa, haikai kwenye kona kupiga kelele "virusi 5, virusi 5" kama kondakta anaita abiria.

Likitokea tena lisome vizuri, utaona limeandikwa jina la brauza na anwani ya tovuti usiyoijua. Kama unatumia Chrome ingia Settings, halafu Privacy and security, halafu Site settings, halafu Notifications, toa kila tovuti usiyoitambua, na wala hutopungukiwa na kitu ukizitoa zote. Dakika mbili, bure. Kama kuna mtu hapo nyumbani alishawahi kujaza namba ya kadi ya benki kwenye hayo matangazo basi hilo ni jambo lingine, piga simu benki leo hii kadi ifungwe, usisubiri kumaliza kusoma hapa.

Sasa flashi. Usiifomati kwanza, kazi za mwanao bado zimo. Kile kirusi cha shortcut kinachofanya ni kuzificha folda halisi, kinazipiga alama ya kufichwa na alama ya mfumo ili Windows isizioneshe, halafu kinatengeneza shortcut zenye majina yale yale. Mtoto akibonyeza shortcut anaendesha kirusi kwanza, halafu kirusi chenyewe kinamfungulia folda yake, kwa hiyo anaona kazi zake zipo haoni tatizo, kumbe kompyuta imeshaambukizwa na kila flashi itakayochomekwa pale itabeba ugonjwa. Ndo maana steshenari zetu ni kama kisima cha kijiji, watu mia wanachota kwa ndoo zao na hakuna anayejua nani kaleta kipindupindu. Ujue tu kwamba tangu Windows 7 flashi haijiendeshi yenyewe ukiichomeka kama zamani, lazima mtu abonyeze. Hiyo peke yake ni habari njema, maana ukiikuta flashi imejaa shortcut usibonyeze hata moja na hapo umeshashinda nusu ya vita.

Kuziokoa: chomeka flashi, bonyeza upande wa kulia wa mausi juu yake, uchague kuskani kwa Defender. Ikimaliza futa zile shortcut zote, kisha fungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (hiyo E ibadilishe iwe herufi ya flashi yako) na upige Enter. Folda zinarudi. Halafu uijaribu laptopu yenyewe kama imepona: chukua flashi tupu, tengeneza folda moja ndani, itoe, ichomeke tena. Folda ikigeuka shortcut jua kirusi kinaishi kwenye laptopu, hapo nenda Windows Security, sehemu ya Virus & threat protection, Scan options, uchague ile ya offline. Inazima na kuwasha kompyuta na kuskani kabla Windows haijaamka vizuri, kwa hiyo kirusi hakipati nafasi ya kujificha. Microsoft wanasema ni kama dakika 15, kwa diski yako hiyo ya kawaida chemsha chai kabisa.

Turudi kwa fundi na neno lake takataka. Simlaumu sana kwa kweli, kuna kipindi alikuwa sahihi na watu wengi wa fani yetu walibaki kwenye kipindi hicho. Defender iliyokuwa ndani ya Windows 7 ilikuwa inashughulika na programu za upelelezi tu, wala haikuwa antivirusi kamili. Microsoft walikuwa na nyingine inaitwa Security Essentials, ilitoka 2009, na mwishoni mwa 2012 kuingia 2013 maabara ya AV-TEST ya Ujerumani ikaja kuinyima cheti kwa sababu ilikuwa inapitisha vitu vingi. Mimi mwenyewe enzi hizo nilikuwa naiondoa kwa kila mteja bila hata kumuuliza. Ila kuanzia Windows 8 Defender ikawa antivirusi kamili, na kwa miaka kadhaa sasa kwenye vipimo vya hao hao AV-TEST inapata alama za juu mara kwa mara, iko bega kwa bega na za kulipia. Kwa hiyo unapouliza bure au kulipia, ujue ya bure tayari unayo, ilikuja na Windows.

Ila ina udhaifu wake na nataka niufungue hapa kwa sababu unakuhusu wewe hasa. Wewe unauza vitenge. Akija mtu na mzigo unajuaje kama ni feki? Kwanza kuna feki unazozijua kabisa, lebo ile na maua yale, ukiona tu unasema huu ulishaniliza mwaka jana. Kwa antivirusi hiyo ni orodha ya virusi vinavyojulikana, inayoletwa na apdeti. Pili unashika kitambaa, unanusa, unaangalia pindo, hujawahi kuona lebo hiyo lakini mkono unakataa. Antivirusi nayo inaangalia faili lilivyoundwa na kulishuku. Tatu unakiloweka kipande uone kama rangi inatoka, yaani unaangalia tabia: programu inaanza kufungua picha zako zote na kuziandika upya moja baada ya nyingine, nani anafanya hivyo kwa nia njema? Inasimamishwa. Nne, na hii ndo kubwa siku hizi, unampigia picha mwenzako Kariakoo unamuuliza huu mzigo umeshauona? Defender inafanya hivyo hivyo, ikikutana na faili jipya inauliza kompyuta za Microsoft kupitia intaneti na kujibiwa papo hapo.

Umeona tatizo lako lilipo? Ukiwa huna bando, ile ya nne haipo. Maabara nyingine ya Austria, AV-Comparatives, wanapima uwezo wa kukamata kompyuta ikiwa na intaneti na ikiwa haina, na Defender bila intaneti inashuka kuliko baadhi ya wenzake, ikiwa na intaneti inakaa sawa. Na kirusi cha flashi kinaingia lini? Mtoto katoka shule, kachomeka, hotspoti imezimwa kwa sababu baba kaondoka na simu. Kwa hiyo nyumbani kwako kuwe na kanuni, flashi iliyotoka nje haichomekwi kabla hotspoti haijawashwa, na kila wiki mara moja uingie mwenyewe kwenye Virus & threat protection ubonyeze Check for updates. Apdeti za mara kwa mara ni ndogo, ila ukikaa miezi bila kuapdeti zinaweza kuja kwa mkupuo zikala MB mia na kitu, ndo hapo watu wanasema Defender inamaliza bando.

Kwa sababu hiyo hiyo, kama nyumbani kwenu mnakaa wiki nzima bila intaneti na flashi zinaingia na kutoka, shemeji yako ana hoja: antivirusi ya bure yenye kukamata vizuri bila mtandao, kwa mfano ya Bitdefender, inaweza kukufaa zaidi ya Defender. Ukiweka moja ya hivyo Defender inajizima yenyewe, na ndivyo inavyotakiwa, usiweke mbili za kulinda muda wote kwa pamoja eti ulinzi uwe mara mbili. Zinavizia faili moja kwa wakati mmoja, zinashukiana, laptopu ya RAM 4 inakaa kama imekunywa dawa ya usingizi.

Sasa bure na kulipia, tofauti ni nini hasa? Watu wengi wanadhani ile ya kulipia ina injini kali na ya bure wamekuwekea injini ya bodaboda. Sio hivyo. Kwa kampuni nyingi kubwa injini inayokamata virusi ni ile ile, maana hata wao hawana faida kompyuta zako zikioza huku nembo yao iko pale. Unacholipia ni vile vinavyozunguka: VPN (ya kuficha mawasiliano yako ya intaneti), kitunza paswedi, udhibiti wa watoto, mtu wa kumpigia simu, leseni ya vifaa vitano kwa pamoja, na kuacha kusumbuliwa na matangazo ya "nunua, nunua". Kama unavihitaji ni bidhaa halali kabisa. Wewe katika barua yako yote hujataja hata kimoja.

Hilo la kuuza taarifa sio umbea, lilitokea. Avast, moja ya antivirusi za bure zilizoenea kuliko zote duniani, walikuwa wanakusanya historia ya tovuti ambazo watu wanatembelea na kuiuza kupitia kampuni yao tanzu ya Jumpshot. Waandishi wa habari wakaifichua Januari 2020, Jumpshot ikafungwa, na Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikawatoza dola milioni 16.5 na kuwapiga marufuku kuuza hizo taarifa kwa ajili ya matangazo. Wewe unaweka mlinzi getini kumbe anaandika kila unakokwenda na kumuuzia mtu daftari. Lakini usikimbilie kusema basi ya kulipia ndo haina shida, kwa sababu siku hizi Avast, AVG, Avira na Norton zote ziko chini ya kampuni moja inaitwa Gen Digital, na Norton hii ya kulipia mwaka 2021 ilikuja na kitu cha kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta ya mteja huku wao wakichukua kamisheni. Mteja alitakiwa akiwashe mwenyewe kweli, ila wateja walipiga kelele na walikuwa na haki. Kwa hiyo bure au hela, soma vitu unavyokubali wakati wa kuweka, na toa tiki kwenye yale maboksi ya kuchangia data.

Kuhusu kwamba wao ndo wanatengeneza virusi, hapana dada. Hii stori nimeisikia tangu naanza kazi. Virusi vina hela yake wenyewe, kuna watu wanaishi kwa hiyo kazi kama wewe unavyoishi kwa vitenge, wanaiba paswedi, wanateka mafaili na kudai malipo. Hawahitaji kubustiwa na kampuni ya antivirusi.

Sasa nije kwenye tundu la panya nililolitaja mwanzo. Umesema fundi "aliyetupigia Windows 10". Alikuuliza leseni? Kama alikupigia na kiamsha cha bure, yaani kraki ile inayoifanya Windows ijione imelipiwa, basi sikiliza hapa vizuri. Antivirusi nyingi zinakitambua kile kiamsha kama kitu kibaya na kukifuta, kwa hiyo mafundi wengi wanafanya moja ya mambo mawili: wanaizima Defender kabisa, au wanaiambia folda fulani usiiguse. Wengine kwa uvivu wanaandika diski C yote isiguswe. C yote! Halafu mteja anaondoka, Defender ipo, ngao ya kijani ipo, na haiangalii chochote, miezi sita baadaye virusi vimejaa fundi anasema si nilikwambia Defender ni takataka.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote, ingia Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka mpaka chini kabisa utaona Exclusions, yaani orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isiviguse, fungua. Nyumbani kwa mtu wa kawaida pale panatakiwa pawe patupu. Ukikuta C: au folda usiyoijua, toa. Na kama ukijaribu kuwasha ulinzi unaambiwa kwamba hiyo setingi inasimamiwa na administrator (msimamizi wa kompyuta) wakati kompyuta ni yako mwenyewe na hakuna ofisi hapo, jua kuna mtu au kraki imeifunga Defender makusudi. Hapo dawa ni kuhamisha mafaili yenu pembeni na kupiga Windows upya, safi, kutoka kwenye faili la Microsoft wenyewe. Used nyingi za HP zinazokuja kwetu zina leseni yake ndani ya bodi tangu kiwandani, mara nyingi ukipiga toleo lile lile linalolingana nayo inajiamsha yenyewe ikipata intaneti, yaani inawezekana uliwekewa kraki kwenye kompyuta ambayo tayari ilishalipiwa. Nimeshaliona hilo mara nyingi mpaka halinichekeshi tena.

Na hii ya kraki iende mpaka kwa mume na watoto. Programu ya chuo iliyokrakiwa, gemu iliyokrakiwa, zile zenye maelekezo "zima antivirusi kwanza ndo ufungue". Fikiria mgeni anakwambia mfungie mbwa bandani kwanza ndo niingie! Kuna familia ya virusi vya kuteka mafaili inaitwa STOP, wengine wanaiita Djvu, ilienea zaidi kwa njia hiyo ya kraki, na haikuwa inalenga mabenki, ililenga watu wa nyumbani. Inafunga picha na dokumenti zako zote kisha inakuachia barua, dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 nusu bei, 490. Kwa hesabu za vitenge, je? Hamna antivirusi ya 45,000 itakayokuokoa kama mtu mwenyewe kaizima kwa mkono wake ili gemu ifunguke. Kwa hiyo watoto wafungulie akaunti yao ya kawaida isiyo na uwezo wa administrator, wakitaka kuweka programu waje waombe paswedi kwako.

Kitu kingine ambacho fundi hajakwambia ni kwamba Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya apdeti za usalama kwa kompyuta za nyumbani inayofika 13 Oktoba 2026, unajisajili mwenyewe kwenye Windows Update, na ukiwa na akaunti ya Microsoft na kukubali setingi zako zihifadhiwe kwao hulipi. Defender wameahidi kuiletea orodha za virusi mpaka Oktoba 2028, lakini usichanganye hayo mawili. Orodha ya virusi ni mlinzi, apdeti ya Windows ni fundi ukuta anayeziba nyufa. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipolaza hospitali za Uingereza na makampuni dunia nzima, ufa kilichopitia ulikuwa umeshatolewa dawa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliolia wengi ni ambao hawakuapdeti. Laptopu yako yenye prosesa ya kizazi cha 6 haikubaliki rasmi kwa Windows 11, wanataka kuanzia kizazi cha 8, kwa hiyo hili ni la kuanza kulipangia bajeti taratibu, au mume wako kama anatumia tu brauza na kuandika ripoti ajaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, sio ngumu kama zamani.

Sasa hiyo hela. Mimi ningekuwa wewe ningeiweka kwenye diski ya nje, hata kama itabidi kuongezea. Kila Jumapili jioni unachomeka, unakopi hesabu zako, ripoti za mume na picha za familia, unachomoa, unaiweka kabatini. Kuchomoa ndo siri yenyewe, maana virusi vya kuteka mafaili vinafunga na diski yoyote vitakayoikuta imechomekwa. Nina mteja, kijana wa chuo, alikuwa na antivirusi ya kulipia safi kabisa, leseni halali, akaja kwangu analia na tasnifu ya miaka miwili imepotea. Kirusi? Wala. Diski ilikufa tu, imechoka. Antivirusi ilikuwa kijani mpaka dakika ya mwisho.

Ikibaki hela tena, toa hiyo diski ya kawaida weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya 256 na uongeze RAM ifike 8. Sijui kama fundi alikwambia laptopu nzito ni dalili ya virusi, wengi wanasema hivyo, ila kwa hiyo HP yako uzito ni diski na RAM kwa asilimia kubwa. Defender nayo sio nyepesi kuliko zote, inaskani wakati unafungua vitu na diski ya kuzunguka inahema. Ukiweka SSD utadhani umenunua laptopu mpya.

Kuna mtu ningemwambia alipie? Ndiyo. Kama ungekuwa na kompyuta nne tano za ofisi na wafanyakazi wanafungua imeili za wateja siku nzima, lipia. Kama una mzazi mbali, hajui hata kufunga tangazo, na unataka namba ya simu ya kuuliza kwa niaba yake, lipia. Kama una kitu maalum kama udhibiti wa watoto unaotaka uwe kwenye simu zao pia, lipia. Ila nunua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe au duka linalokupa boksi limefungwa na risiti. Hizi namba za leseni za kuandikiwa kwenye karatasi nyingi ni leseni moja ya vifaa kumi imegawanywa kwa watu kumi msiojuana, siku yule mwenye akaunti akiitoa kompyuta yako kwenye orodha unabaki patupu na huna wa kumlalamikia. Na ukilipa kwa kadi, zima ile ya kujirenyua yenyewe, kwa sababu bei ya punguzo unayoiona imeandikwa kwa herufi kubwa kubwa ni ya mwaka wa kwanza, ya mwaka wa pili inaweza kuja mara mbili yake. Ukisikia pia kwamba antivirusi ya Kaspersky imepigwa marufuku, ni kweli kwa Marekani tangu 2024, kwa sababu za kisiasa na usalama wao na Urusi, kampuni inakanusha. Huku kwetu inauzwa kama kawaida. Kwenye vipimo inakamata vizuri, uamuzi wa kuiamini ni wako.

Kuna hali ambazo usihangaike mwenyewe nyumbani. Mafaili yakibadilika majina yote kwa pamoja na kuna barua ya kudai hela, zima laptopu, usilipe, usifomati, usimpe fundi wa kupiga Windows haraka haraka. Mpelekee mtu anayejua kuokoa data, na yeye au wewe muingie kwenye mradi wa No More Ransom, ulianzishwa 2016 na Europol (polisi wa Umoja wa Ulaya) na polisi wa Uholanzi pamoja na kampuni za usalama, wana funguo za bure kwa baadhi ya virusi hivyo. Sio vyote. Diski ikianza kugonga tik tik, zima hapo hapo, kila dakika ikiwaka unapoteza zaidi. Na ukihisi paswedi zimeibiwa, mfano imeili inatuma vitu hujavituma, badilisha paswedi kwa kutumia simu, sio kwa laptopu hiyo hiyo yenye mashaka.

Ukimpelekea fundi, kaa naye, peleka soda mpige stori. Kabla ya kwenda toka kwenye akaunti zako kwenye brauza. Mwambie hutaki kraki na hutaki kitu chochote kiandikwe Exclusions, na akimaliza fungua pale mbele yake uangalie. Wala sio kumdhalilisha, fundi mzuri atafurahi kukutana na mteja anayejua kuuliza. Akianza kununa, chukua laptopu yako.

Anza na Exclusions leo jioni. Ukikuta kitu pale usichokielewa, piga picha kwa simu kabla ya kukifuta, uniandikie tena na hiyo orodha nikwambie ni nini.